Diktafone ya telefone ya zamani: tunarekodi, lakini nani anasikiliza?

Wandugu wahitimu, na nyinyi wadogo wenye mungali ku oditwari, leo ninaleta kritiki ya kitu ambacho hakuna mtu anakifanyia kritiki: diktafone. Nasema ile ya telefone ya vibonyezo, ile telefone yenye tochi kwenye kichwa, ambayo mama mdogo wako anaifunga mu kitenge akienda soko. Ukiingia ndani ya meni, unapita kalkuleta, unapita kalandari, unaikuta pale chini imelala. Wengi walinunua telefone pamoja nayo na hawajaifungua hata siku moja.

Niseme maoni yangu mapema, ili mwenye kutaka kubisha aanze kujipanga. Kwa kuweka sauti, diktafone hiyo ni kifaa kibaya. Kwa kusikilizana, ni kifaa kizuri kupita zote nimeshatumia mu kazi ya bulimi. Na sisi wenye lisansi, tukienda mu vijiji na androidi za bei, tumekuwa watu wa kuweka sana na kusikiliza kidogo.

Tuanze na ubaya wake, juu kritiki ambayo inaficha ubaya ni tangazo la duka.

Telefone nyingi za aina hiyo zinaandika sauti kwa mfumo unaoitwa AMR. Ni mfumo ambao ulikubaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya kupiga simu, haukutengenezwa kwa muziki wala kwa utafiti. Unapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kwa hesabu ya fizikia hauwezi kubeba mtetemo wowote unaopita 4,000 kwa sekunde. Kwa kweli unakata hata mapema, karibu na 3,400. Sasa, herufi « s » ya mdomo wa binadamu nguvu yake nyingi iko juu ya hapo. « f » nayo ni pumzi tu iliyotawanyika. Ndiyo sababu mtu akikuambia jina lake kwa simu unauliza: « S kama Salomoni, ao F kama Fransua? » Katika mazungumzo ya kawaida ubongo unajaza pengo lenyewe, juu neno linakaa kati ya maneno mengine. Lakini jina la mbegu halina jirani wa kulisaidia. Mama akikutajia majina manne ya maharagi kwa Mashi, moja nyuma ya lingine, ukirudi nyumbani na ile faili, unaweza kuandika majina ambayo hayajaota ku shamba lolote la Kivu.

Ubaya wa pili unashangaza zaidi. Mfumo huo hauhifadhi sauti yenyewe. Unaikata vipande vya sehemu 20 za elfu ya sekunde, vipande 50 kila sekunde, na kwa kila kipande unaandika maelezo: koo inatetemeka kwa kasi gani, mdomo umekaa namna gani. Kiisha, wakati wa kusikiliza, telefone inajenga tena sauti kutokana na maelezo hayo. Kwa hiyo inaamini kwamba mbele yake kuko mtu mmoja anayesema. Ukiiletea watu wawili wanaosema pamoja, ao ngoma, ao mvua juu ya manjanja, inajaribu kuvieleza vyote kama koo moja, na inatoa kitu kama mbuzi ndani ya pipa. Mwenye alishajaribu kurekodi koro ya kanisa kwa telefone hiyo anajua nasema nini.

Ubaya mwingine ni wa kila siku tu. Faili zinajipa majina ya namba, na kwa nyingi huwezi kubadilisha bila kuteseka na vibonyezo. Ukitoa batri, saa inarudi mwaka ambao hata haukuwa umeingia sekondari, na faili ya leo inajiandika ya zamani. Simu ikiingia, rekodi inakatika. Na simu inaingia paka wakati muzee anafika pa maana.

Lakini kuko haki ambayo lazima tuitoe. Kwanza, uzito. Kwa kiwango cha juu cha mfumo huo, sekunde moja inakula baiti 1,600. Piga hesabu: saa nzima haifiki megabaiti 6. Kadi ndogo ya gigabaiti 2, ile ya kuwekea nyimbo, inaweza kubeba zaidi ya saa 300 za mazungumzo. Pili, na hili linahusu lugha zetu: Mashi, Kihavu, Kilega na wenzao zinatofautisha maneno kwa toni, sauti kupanda na kushuka. Mtu angeogopa kwamba telefone inayokata sauti za chini itaua toni. Haiiui. Hata mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanaume ukikatwa, sikio linaujenga tena kutokana na mitetemo ya juu yake. Ndiyo maana unatambua baba yako kwa simu, na unatambua pia kama amekasirika. Kwa hiyo mashine hii inapoteza « s » lakini inatunza hasira na mashaka. Nikitaka kujua kama mlimaji anaamini kile anachoniambia, nimebeba kilicho cha lazima.

Hayo yote ni ya kiufundi. Kazi inaanza mtu akibonyeza « kusikiliza ».

Telefone ya vibonyezo ina spika kubwa, ya kelele, iliyotengenezwa ili mtu asikie simu yake katikati ya soko. Ukimaliza kurekodi unabonyeza, na sauti inatoka pale pale, mbele ya wote. Hakuna kusema « nitawatumia ». Hakuna kungojea ordinateri. Na watu wanacheka kwanza, juu mtu hajawahi kuikubali sauti yake. Kiisha wanaanza kusahihisha.

Niliona hivyo mu kilima kimoja cha Kabare, nilipokuwa ninafuatilia ugonjwa wa kunyausha ndizi, ule ambao tunauita wilti. Kwa wasiosoma agronomia: ni bakteria. Iligunduliwa Kongo kwa mara ya kwanza mwaka 2001, upande wa Masisi, na tangu hapo imekula mashamba mengi ya mashariki. Majani yanageuka manjano, ndizi inaiva kabla ya wakati na ndani imeoza, ukikata shina maji ya manjano yanatoka. Inapitishwa na wadudu wanaotembelea ua, na inapitishwa na chuma: kisu, mupanga, jembe. Dawa ya kupuliza hakuna. Kuko tu kuondoa ua kwa mti wenye panda bila kulikata na kisu, kukata shina lenye ugonjwa, na kusafisha mupanga kwa moto ao kwa javeli kabla ya kugusa shina lingine.

Bon. Fishi ya anketi ilikuwa na swali moja juu ya mupanga: « Je, unasafisha vifaa vyako? Ndiyo / Hapana. » Mama mmoja, mtu mzima mwenye shamba zuri zamani, alijibu ndiyo, na kwa fishi mambo yake yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimerekodi maelezo yake, dakika tatu hivi, namna ugonjwa ulivyoingia. Nikamrudishia sauti yake. Alisikiliza akiinamisha kichwa. Pale alipojisikia anasema « tukakata, tukasafisha », akanyoosha mkono.

« Simamisha hapo, mtoto wangu. Hapo sikusema vizuri. »

« Namna gani, mama? »

« Mupanga ule haukuwa wangu. Niliuomba kwa shemeji. Na shemeji aliupata kwa ule wa chini ya barabara. Sisi tulikuwa tunaurudisha jioni, tunausafisha wakati wa kurudisha, juu ni haya kurudisha mupanga wa mtu na uchafu. »

Waagronomu wenzangu, mtaona mara moja. Mupanga ulisafishwa kila siku, lakini jioni, na kwa maji, juu ya heshima ya jirani. Asubuhi ulikuwa umeshapita mu mashamba matatu. Jibu la « ndiyo » lilikuwa la kweli, na halikutusaidia kitu. Kilichopitisha ugonjwa ni ujirani mwema, na hakuna kisanduku cha kuweka alama kwa ujirani mwema. Wamama wengine waliokuwa wamekaa pale wakaanza kuhesabu nani alikopa kwa nani, na kwa muda wa nusu saa tukawa na njia ya ugonjwa, nyumba kwa nyumba, ambayo mimi peke yangu nisingeipata hata na fishi mia.

Sasa mtu ataniuliza: androidi haiwezi kurudisha sauti? Inaweza, tena kwa uzuri kuliko. Lakini tuseme ukweli, nani anafanya vile? Mwenye androidi anarekodi saa moja na nusu bila kukatisha, juu nafasi iko. Anaweka telefone yake ya dolari mia mbili juu ya meza, na mazungumzo yote yanageuka: muzee anakaa sawa, anavaa Kiswahili cha mimbari, anasema « kwa kweli serikali na wafadhili watusaidie ». Telefone ya vibonyezo haimshitui mtu. Muzee mwenyewe ana moja kama hiyo mfukoni. Na juu rekodi yake inakatika haraka na kuipata baadaye ni kazi, unajikuta unarekodi vipande vifupi, na kila kipande unakisikiliza papo hapo ili uhakikishe kimeingia. Yaani udhaifu wa mashine unakulazimisha kufanya kile ambacho mwalimu wa mbinu za utafiti alikuomba ukiwa grade ya pili na ukakataa.

Kuko mradi mmoja, jina lake silitaji, ambao ulipitisha vijana na vifaa vipya vya kurekodi mu vijiji kadhaa. Nilibahatika kuingia ofisi yao baadaye kutafuta kazi. Nikauliza: zile sauti ziko wapi? Wakanionyesha diski moja ndani ya saraka, na juu yake karatasi yenye tarehe. Rapoti yao ilikuwa imetoka zamani, na grafiki za rangi, hakuna hata sentensi moja ya mlimaji. Hakuna aliyekuwa amesikiliza. Mwenye kunipokea alinieleza kwa upole kwamba kuandika sauti kunachukua muda na bajeti haikuonyesha muda huo. Hapo hakudanganya. Mimi mwenyewe dakika kumi za Mashi, kuziweka kwa maandishi na kuzigeuza kwa Kifaransa, zinanila zaidi ya saa nzima. Lakini basi kwa nini mlirekodi? Nafikiri najua: kurekodi kunampa mtu ruhusa ya kuacha kusikiliza wakati mwenzake anasema. « Iko ndani ya mashine, nitaisikia kesho. » Akili inaenda kuangalia saa ya gari la kurudi.

Na tusiseme ni ya wafadhili peke yao. Angalieni vokali zetu za WhatsApp. Tangu mwaka 2021 kuko kile kibonyezo cha kukimbiza sauti, mara moja na nusu, mara mbili. Mama yako anakutumia vokali ya dakika nne kutoka Uvira, amesimama mara tatu kupumua, na wewe unamsikiliza mbio kama mtangazaji wa mpira, kiisha unajibu na kidole gumba. Telefone ya vibonyezo haina hicho kibonyezo. Mtu akinyamaza sekunde tano, unanyamaza naye sekunde tano. Mara nyingi ni mu kile kimya mtu anaamua kama atakuambia ukweli ama la.

Kuko mfano wa hapa kwetu ambao nautaja kila mara nikibishana juu ya jambo hili. Miaka ya 1973 na 1974, Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, na picha zipatazo mia moja za historia ya nchi, wakazungumza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mashine ya kanda. Mashine ya wakati ule ilikuwa nzito na ya bei. Kitabu kilitoka mwaka 1996, miaka zaidi ya ishirini nyuma, na maandishi ya Kiswahili chenyewe yakawekwa baadaye kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuyasoma. Unaweza kumlaumu Fabian kwa mambo mengine, na kuko wanaomlaumu. Lakini mule ndani unaona mtu ambaye alirudia kanda mpaka akaisikia. Tshibumba anasitasita, anarudi nyuma, anapinga swali aliloulizwa, na vyote vimeandikwa. Zile kanda zingebaki saraka, leo tungekuwa na picha bila maneno ya mwenye kuzichora.

Ninapojiuliza tofauti kati ya kanda zile na diski ile ya ofisini, siioni mu vifaa. Kifaa cha ofisini kilikuwa bora.

Naogopa kidogo kwamba sifa hizi zitachukuliwa vibaya, kwa hiyo niongeze neno juu ya hatari. Telefone ndogo ambayo haimshitui mtu ndiyo hiyo hiyo inafaa kurekodi mtu bila kumwambia. Kwetu hilo si mchezo. Tunaishi mahali ambapo mwenye bunduki anaweza kukuomba telefone barabarani na kuifungua. Androidi angalau unaifunga na kodi. Kadi ya telefone ya vibonyezo ukiichomoa na kuiweka mu telefone nyingine, kila kitu kinasema. Mtu aliyekueleza nani alichukua shamba lake, ao nani alimpokonya mavuno, sauti yake inatambulika na kila jirani hata kama hukuandika jina. Nimesema pale juu kwamba toni haifi: basi na uso wa mtu haufichiki mu sauti.

Kwa hiyo mimi ninakataa ile tabia ya wanafunzi wa memwari kuweka telefone mfukoni, diktafone inawaka, eti « ili wasibadilike ». Wakibadilika, ni haki yao. Muonyeshe mtu telefone, muambie inawaka, mpe yeye mwenyewe aishike. Mikro iko chini karibu na vibonyezo, akiishika kama anapiga simu, sauti inaingia vizuri kuliko ukiiweka juu ya kiti cha plastiki kinachotetemeka. Akimaliza, msikilize wote wawili. Akisema « futa », futa mbele yake, aone neno linapotea ku skrini. Mlimaji mmoja aliniambia nifute kipande chote juu ya mpaka wa shamba na ndugu yake, nikafuta, na kile alichonieleza kiisha hapo juu ya udongo wake kilikuwa cha faida kuliko kipande chote nilichofuta.

Swali moja bado linanisumbua, na silijibu hapa: sauti ni ya nani baada ya utafiti? Chuo kinataka memwari, mfadhili anataka rapoti, na mimi nataka diplome. Mlimaji anabaki na nini? Na androidi tunajibu kwamba tutatuma, na hatutumi, juu yeye hana WhatsApp. Na kadi ndogo jibu liliniletwa na wale wamama wenyewe. Waliposikia mazungumzo yao juu ya mupanga, waliomba wabaki nayo, ili waliokosa siku ile wasikie pia.

Tukashuka barabarani, kwa yule kijana mwenye ordinateri anayeuza nyimbo mu kadi. Akauliza ni ya msanii gani. Wakacheka sana. Akakopia faili sita mu kadi ya telefone ya mama moja wa kikundi, bei ya nyimbo sita, hakupunguza. Majina yao bado ni zile namba ambazo telefone ilijipa, na ziko kati ya nyimbo za kanisa na rumba. Niliporudi msimu uliofuata, mama huyo aliniambia kwamba akiazimwa mupanga, anamchezea kwanza mwenye kuuomba ile ya tatu.